Kanda Aliyoiacha Biryogo

Kiyovu, Kigali
Novemba 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umekaa jikoni kwenye kigoda chako, mdogo wangu Faustini anakusomea, na utamwambia arudie pale ninapokusalimu. Basi arudie: shikamoo Mama. Mguu unaendeleaje? Yale maji ya moto na chumvi unayatumia kweli, au unamwambia Faustini umeyatumia? Migomba ya upande wa mtoni ilisimama baada ya ule upepo? Ng'ombe amezaa? Nauliza mengi kwa mfululizo kwa sababu barua inachukua muda kufika Karagwe, na ukijibu moja moja nitazeeka.

Mimi mwili ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usihesabu huko kuwa ugonjwa, hapa kila mtu amekonda. Chumba changu cha Kicukiro kina mlango sasa. Nilipomwuliza mwenye nyumba aliupata wapi, akaniambia, "Mlango ni mlango, binti yangu."

Uliniuliza habari za Mama Mdogo. Nilikwenda kule kilimani kwenu mlikozaliwa, nikafuata ulivyonielekeza: njia panda, kisima, miti miwili ya mikaratusi. Mikaratusi ipo. Hakuna mtu niliyemkuta anayemjua, na waliokuwa wakimjua sikuwakuta. Sitaandika zaidi ya hapo leo. Ulisema huikumbuki tena sauti yake, kwamba mlipoagana ulikuwa mdogo mno. Maneno yako hayo nimekuwa nayo mwezi huu wote, na sehemu kubwa ya barua hii ni kwa ajili ya maneno hayo, ingawa itaonekana inahusu mashine.

Faustini, kuanzia hapa soma polepole, na ukimaliza usimhadithie mtu.

Mama, kazi yangu nilikueleza nusu nusu. Ofisi yetu ya hapa Kiyovu inashughulika na chemchemi: kila chemchemi ya nchi hii iko kilima gani, inatoa maji kiasi gani, bomba lake ni zima au limevunjika. Sasa hivi kazi hiyo si ndogo, maana kuna chemchemi ambazo watu hawawezi tena kuchota, na sababu unaijua. Habari zote hizo zimo ndani ya kompyuta moja kubwa, na sisi wengine tuna skrini tu zilizounganishwa nayo kwa waya. Ni kama chungu kimoja na vibuyu vingi. Mfumo unaoiendesha unaitwa Unix, na ndio niliousomea Dar es Salaam ulipokuwa ukiuza ndizi ili nimalize.

Mashine hii ilikuwapo kabla ya vita. Walioingia ofisini walichukua meza, mapazia, vitasa, hata kiti cha choo. Mashine yenyewe ni sanduku la chuma la kijivu lisilo na sura, hawakujua ni nini, wakaiacha. Mtu mmoja aliifanya meza ya kupikia. Tulipofika ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi na juu ya mashine palikuwa na sufuria.

Kabla yangu alikuwapo mtu aliyeitunza, jina lake Kalisti. Simjui kwa sura. Aliuawa mwezi wa nne pamoja na jamaa zake, na nyumba yao ilichomwa. Mkewe, Espérance, alipona. Sijamuuliza alivyopona, hapa watu hawaulizani. Mkurugenzi alimwajiri awe mpiga chapa wetu kwa heshima ya mumewe. Ni mwanamke mrefu, mpole, anavaa viatu vya kiume kwa sababu ndivyo alivyopata.

Kalisti alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, aliandika salamu ya mistari miwili mitatu. Kila aliyewasha skrini alikutana nayo kwanza. Nani amepata mtoto. Mbuzi wa mkurugenzi amekula tena maua ya jirani. Chai ikae mbali na mashine. Zilizopita hakuzifuta, alizihifadhi zote kwa mpangilio, siku baada ya siku. Nilizikuta nilipokuwa nikipekua diski katika wiki zangu za kwanza, nikamwita Espérance.

Alisoma moja, akasimama, akaniambia, "Usinifungulie ingine leo."

Elewa, Mama, kwamba hakubaki na kitu. Picha zimeungua, nguo zimeungua. Hizo salamu hakuwa amewahi kuziona, maana enzi hizo hakuwa akifanya kazi hapa. Tangu siku ile alikuwa akija asubuhi, anavua kitambaa kichwani, anakaa, anasoma salamu moja tu. Moja kwa siku, kuanzia ya zamani kabisa. Akimaliza anacheka kidogo au hacheki, kisha anaanza kazi. Deo alimwuliza siku moja kwa nini asisome zote kwa mkupuo.

"Nikizimaliza," akasema, "nitakuwa na nini kesho?"

Deo ni mwenzangu katika kazi ya mashine. Alizaliwa Uganda, amesomea Kampala, Kifaransa hajui hata cha kuombea maji, na mdomo wake haufungwi. Ananiita Sista. Nikianza kazi kwa kuwasalimu watu mmoja mmoja ananipigia kelele: "Sista, nyie wa Tanzania mnasalimiana mpaka chai inaota barafu! Njoo tufanye kazi!" Ni kijana mwema. Namtaja hivi mapema kwa sababu mbele utamwona amesimama mahali pabaya.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, paa lilivuja juu ya mashine. Tukaamua kuihamishia stoo, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Na kwa kuwa diski yenye mfumo ilikuwa imezeeka, imeanza kulia kama mbu, nikasema hapo hapo tutaihamisha yote iliyomo kwenye diski ya akiba. Diski hizi mbili zilikuwa kwenye visanduku vyake vya nje, vinavyofanana kama matofali mawili ya tanuru moja. Kalisti alikuwa amebandika lebo kwenye kila kimoja, kwa mkono wake, kwa Kifaransa: SYSTÈME kwenye kile chenye kila kitu, RÉSERVE kwenye kitupu.

Tulichomoa kila kitu tukakiweka barazani. Espérance akaja na beseni na sabuni. Hapa sasa watu wanaosha kila kitu, Mama. Wanaosha kuta, wanaosha ngazi, wanaosha mawe ya uani, na hakuna anayemwuliza mwenzake kwa nini. Aliviosha vile visanduku kwa kitambaa kibichi, akavipangusa masizi mpaka vikang'aa, akaviweka juani. Mchana aliniambia kwa Kiswahili chake cha huku, "Zile lebo za zamani zilikuwa chafu sana. Nimeandika zingine mupya." Nilitazama, nikaona mwandiko safi wa mpiga chapa: SYSTÈME, RÉSERVE. Nikasema, "Umefanya vizuri, dada."

Nilisema hivyo, na nikaendelea na waya zangu.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, na nitalieleza kama ninavyoeleza mtu asiyeijua mashine, kwa sababu kwa kweli ni jambo jepesi. Mashine haisomi lebo. Inaitambua diski kwa tundu ilimochomekwa: iliyo kwenye tundu la kwanza ndiyo ya kwanza. Tukachomeka kwa kufuata lebo. Tukaiwasha kwa kanda ya watengenezaji, inayofanana na ya muziki ila ndani ina mfumo, ili diski zenyewe zitulie wakati wa kunakili. Kisha Deo akaandika amri: chukua kila kilichomo kwenye ya kwanza, kimwage juu ya ya pili. Unix haimwulizi mtu kama ana hakika. Inatii, inanyamaza.

Kabla hajabonyeza, Deo aliinamisha kichwa. "Sista, mbona ni hii ya akiba inayolia?"

"Chumba hakina dirisha," nikamjibu. "Sauti inazunguka."

Nilijibu kwa haraka, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akabonyeza. Tukaenda kula maharage kwa mama anayepika karibu na kanisa, na Deo alinichekesha njia nzima.

Tuliporudi kunakili kulikuwa kumekwisha. Tukaiwasha mashine kwa njia ya kawaida. Ikajibu kwamba haioni mfumo wowote. Tukabadilisha matundu. Ikajibu vile vile. Nikasoma mwanzo wa diski moja, sifuri tupu. Nikasoma mwanzo wa nyingine, sifuri tupu. Tulikuwa tumechukua utupu kwa uangalifu mkubwa na kuumwaga juu ya kila kitu.

Deo alikaa chini sakafuni. Akagusa lebo moja kwa kidole, kisha akanitazama, na wote wawili tukaelewa. Visanduku viwili vinavyofanana, vimeoshwa pamoja, vimekauka pamoja. Espérance hakuwa na njia ya kujua kipi ni kipi.

"Hatumwambii," Deo akasema.

"Atauliza."

"Tutasema ni mimi nilibonyeza vibaya. Mimi ni mtu wa Kampala. Watanisamehe, wala hawakutegemea mengi kwangu."

"Deo."

"Sista, kazi ninaweza kupata ingine. Yeye atampoteza mume mara ngapi? Acha."

Nikaacha. Hata sasa sijui kama nilifanya vema. Naona ni wewe peke yako ninayeweza kukuambia, kwa sababu uko mbali, na barua hii haitapita mikononi mwa Espérance.

Mkurugenzi alipoambiwa alifunga macho, akaulizia chemchemi. Nilimweleza kwamba kadi za karatasi za chemchemi zipo karibu zote, na tukikosa njia nyingine tutaziandika upya. Akapumua. Kwa ofisi halikuwa jambo la kufa.

Espérance alikuwa mlangoni, ameshika kikombe cha chai mbali na mashine, kama salamu zilivyomfundisha. Deo akasema maneno yake: ni mimi, nimekosea amri. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, hakumwuliza Deo:

"Hata ya kesho?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, Mama, au kwa hasira. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Hata ya kesho." Akaenda kuweka kikombe.

Siku mbili tatu hatukuwa watu. Nilikuwa nakaa stoo, nikisoma vitabu vya watengenezaji kana kwamba mahali fulani wameandika jinsi ya kurudisha maji yaliyomwagika. Hayarudi. Kilichofunikwa kwa maandishi mengine hakipo tena. Njia ni moja: kuwe na nakala mahali pengine, kwenye kanda. Na kanda za ofisini zilichukuliwa zote ila ile ya watengenezaji, nadhani walifikiri ni za muziki.

Mwishowe nikajilazimisha kumwuliza. "Dada, Kalisti alikuwa akileta kanda nyumbani?"

"Hapana." Kisha akasita. "Iko kitu. Kila Alhamisi alikuwa anatoka hapa na mufuko mudogo. Lakini nyumbani hafiki nao."

"Alikuwa anaupeleka wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Biryogo. Nilimufuata siku moja. Nikaona anaingia kwa fundi cherehani, Muislamu mumoja. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikanyamaza. Mwanaume gani anashona nguo kila Alhamisi? Nikajua huko nyuma ya nyumba ya fundi iko mwanamuke."

"Hukumwuliza?"

"Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe."

Tulikwenda siku hiyo hiyo, sisi watatu, kwa miguu, tukateremka na kupandisha tena. Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, utaipenda, Mama, Kiswahili chao kinateleza, na nilisalimiwa mpaka koo likakauka, Deo akiguna nyuma yangu. Fundi tuliyemtafuta anaitwa Mzee Shabani. Tulimkuta kibarazani anashona kwa mkono, maana vyerehani vyake vimechukuliwa.

Nilimwuliza kama alimjua Kalisti.

"Kalisti wa kanda?" Akaweka sindano chini. "Yule marehemu alikuwa rafiki yangu. Kila Alhamisi ananiletea moja na kuchukua moja. Mimi namwuliza, bwana, kitu hiki hakilipuki? Ananiambia, Mzee, humo ndani mna maji ya nchi nzima, ofisi ikiungua yatabaki kwako. Nikamwambia, kama ni maji mbona nguo zangu hazilowi!" Akacheka mwenyewe, kisha akaacha. "Huyu ni nani wenu?"

"Mkewe," nikasema.

Mzee akasimama. Aliuvuta mkono wa Espérance akaushika kwa mikono miwili, akasema maneno ya pole kwa Kinyarwanda, polepole, na marefu. Espérance aliyapokea yote. Halafu, Mama, akainua kichwa na kumwuliza kwa Kiswahili, mbele yetu sote:

"Mzee, nyuma ya nyumba yako iko mwanamuke?"

"Yuko," Mzee Shabani akasema. "Mke wangu. Magoti yake mabaya na maneno yake makali. Unamtaka? Mchukue."

Espérance akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo, kwa tumbo, ameinama, mkono ukutani. Tukacheka wote. Na katikati ya kicheko kile kile, bila kubadilisha sura, akaanza kulia, na hakuna aliyejua ni wapi kimoja kilipoishia. Yule mke wa magoti mabaya akatoka ndani, akamshika, akampeleka uani. Walikaa huko muda mrefu.

Mzee akanyanyua mafungu ya vitambaa kwenye rafu ya chini, akatoa kanda. Kasha lake la plastiki lilikuwa limevunjika pembeni. "Walichukua vyerehani, walichukua hata pasi," akasema. "Hii waliitupa chini wakaikanyaga. Na huku chini hulowa mvua ikinyesha. Lakini nimeiweka. Nilisema ipo siku mtu atakuja kuuliza maji yake." Juu yake palikuwa na kibandiko kidogo, mwandiko wa Kalisti: Alhamisi ya mwisho kabla ya Pasaka.

Tuliikausha polepole karibu na chumba cha jenereta, hatukuthubutu kuiharakisha. Deo alisafisha kichwa cha mashine ya kusomea kwa spiriti ya hospitali, akisema spiriti ikiisha atatumia kanyanga, ile gongo ya huku, mashine itasoma huku inaimba. Tulinunua diski mpya kwa mtu aliyekuwa akifunga ofisi yake. Nikaweka mfumo wa watengenezaji, kisha nikaingiza kanda ya Biryogo, na tukakaa kuitazama inavyozunguka.

Kanda husomwa kwa mpangilio, kutoka mwanzo kwenda mwisho, huwezi kuruka. Kwanza ulirudi mfumo, kama Kalisti alivyoupanga. Zikafuata chemchemi, wilaya baada ya wilaya. Kila jina la kilima lilipopita kwenye skrini mkurugenzi alilitaja kwa sauti ndogo, kama anayesali. Baada ya hapo zikaanza salamu. Zilizokuwa zimesomwa na Espérance zilirudi. Nyingine ambazo hakuwa amezifikia zikarudi pia, nikaanza kuamini. Zilipofika karibu na Krismasi kanda ikalia, ikarudi nyuma kidogo, ikajaribu, ikalia tena, ikasimama. Sehemu iliyobaki ilikuwa imelowa na kukanyagwa.

Mkurugenzi alinipa mkono. "Tumepona," akasema, akaondoka kwenda kupiga simu.

Nikaiwasha mashine upya, ijiendeshe yenyewe kwa mfumo uliorudi. Sikufikiri. Ningefikiri ningemwambia Espérance asimame nje kwanza. Kwa maana salamu ya siku haikai pamoja na zile zilizohifadhiwa, inakaa kwenye mfumo, na mfumo ulikuwa umerudi mzima. Skrini ikawaka, na ikatusalimu kwa salamu ya mwisho iliyoingia kwenye kanda. Imeandikwa Kinyarwanda, nakutafsiria:

"Pasaka njema kwenu nyote. Alhamisi ijayo nitatoa kanda mapema na kuondoka mchana. Nimemwahidi mke wangu viatu. Chai ikae mbali na mashine."

Mama, wewe unajua Alhamisi hiyo ilikuwa ipi: ile ya tarehe saba, mwezi wa nne.

Espérance alisoma mara moja. Akatazama chini, kwenye vile viatu vya kiume. Akasema, "Aliniambia vyeusi. Mimi nilitaka vya rangi ya maziwa."

Deo alitoka chumbani.

Baadaye, alipokuwa amekaa, nilimweleza lililobaki, kwa sababu ilikuwa haki yake kuchagua. Kwamba kati ya Krismasi na hii ya mwisho kuna salamu ambazo bado zimo ndani ya kanda. Kwamba naweza kuilazimisha isome: niivute tena na tena juu ya pale palipoharibika, na huenda ikatoa moja, huenda mbili. Kwamba kila nikiivuta inazidi kuchakaa, na huenda ikakatika, na ikikatika basi.

"Lakini saa hii ziko ndani?" akauliza.

"Zimo."

"Zote?"

"Zote. Ila hazisomeki."

Mimi nilikuwa nataka aseme vuta. Nakuambia kweli, mikono yangu ilikuwa inawasha. Nilitaka kushinda, nilitaka kumtolea hata moja ili nilale. Akasema:

"Usizivute. Acha zikae. Nitajua ziko."

Akaniomba ile kanda. Nikaitoa, nikaipangusa vumbi, nikampa. Akafungua mkoba wake, akatoa Biblia ndogo, na kutoka katikati ya kurasa akatoa vipande viwili vya karatasi vilivyochakaa, vyenye masizi pembeni. Mwandiko niliufahamu kabla sijasoma. SYSTÈME. RÉSERVE. Zilikuwa zile lebo.

"Hizi hazikuwa chafu sana," akasema, kama anayemweleza mtoto. "Nilitaka tu mukono wake. Sikuwa na kitu ingine ya mukono wake."

Akalamba nyuma ya ile ya RÉSERVE, akaibandika juu ya kanda, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Nyingine akairudisha kwenye Biblia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kila kitu mdomoni, na sikukitoa. Kama alikuwa amekwisha kuelewa, hakunionyesha. Kama hakuwa ameelewa, si mimi nitakayemwelewesha. Alinishukuru, Mama. Alinishika bega akanishukuru.

Sasa asubuhi tunaendelea kama zamani. Anavua kitambaa, anakaa, anasoma moja. Bado ana asubuhi kadhaa kabla ya kufika Krismasi. Halafu sijui. Deo amepigiwa kelele na mkurugenzi mbele ya watu kwa kosa ambalo si lake, na akajibu, "Ndiyo mzee, ni vidole vyangu vya Kampala," na watu wakacheka. Espérance humletea viazi vya kuchoma kila Jumatatu. Hiyo nayo nashindwa kuitazama.

Nimekuwa mwepesi wa kulia kazini na mgumu nikiwa peke yangu, sijui kama utaelewa. Najibu watu polepole siku hizi. Mtu akiniuliza mbona hiki kinalia, nainuka nikakitazame.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie redio yake nitamtafutia betri. Nisalimie shangazi wa Nyakahanga na wote walio kwake. Padre aliyeniandikia barua ya utambulisho mwambie ilinifaa mpakani. Mama jirani, yule aliyenipa blanketi siku nilipoondoka, mwambie blanketi ndilo linalonilaza. Na mdogo wangu Faustini, anayesoma haya kwa sauti na kujifanya hana machozi, namsalimu kwa jina lake.

Nina ombi moja, nalo ni kwako Mama, si kwa Faustini. Barua zako zote nilizonazo ameziandika yeye. Ni nzuri, hazina kosa, na kila moja ina mwandiko wa mwanafunzi wa shule. Wewe ulikwenda kisomo cha watu wazima ukapata cheti, kimefungiwa kwenye sanduku, halafu unaona haya kwa sababu herufi zako zinapanda mlima. Naomba zipande. Safari hii umnyang'anye kalamu. Andika mistari miwili tu, habari za mguu na ng'ombe, na jina lako chini. Usiandike jambo lolote kubwa.

Ni mimi binti yako, ninayekuwaza kila maji yanapochemka,

Anastazia